Sina ankara yenye jina langu: je, nitaruhusiwa kusoma nyaraka za Kew?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mjini Tanga. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya habari za wafanyakazi wa mashamba ya mkonge na za mgomo wa makuli wa bandari yetu wa mwaka 1939. Sasa nimepata ufadhili mdogo wa kwenda London kwa wiki mbili, nisome majalada ya serikali ya kikoloni yaliyoko Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza. Rafiki zangu wananitia hofu. Wanasema walinzi hukagua kila karatasi, kalamu ni marufuku, kamera zinakufuata ulipo, na asiye na barua ya profesa hapati kitu. Mimi navaa baibui na hijabu; je, nitaambiwa nivue? Nimesikia pia kwamba lazima nionyeshe uthibitisho wa anwani ya nyumbani. Nimepanga chumba, umeme wetu ni wa LUKU, ankara ya maji ina jina la mwenye nyumba, na barua zangu hupitia sanduku la posta la shule. Naogopa kutumia fedha za watu kisha nigeuzwe mlangoni. Nifanyeje?"

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa kueleza hali yako kinaganaga, kwa sababu katika jambo hili mambo madogo ndiyo yanayoamua. Unaogopa kwamba mtu wa kawaida kutoka Tanga, asiye na cheo cha chuo kikuu wala ankara ya umeme, atafika kwenye jengo lenye ulinzi mkali na kukataliwa, na fedha ulizoaminiwa zipotee bure. Hofu hiyo ina msingi, lakini msingi wake uko mahali pamoja tu, nako ni kwenye anwani. Barua ya profesa, hijabu, kalamu na kamera havistahili kukunyima usingizi.

Nyaraka za Taifa za Uingereza, zilizoko Kew magharibi mwa London, ni hazina ya umma, na huwa wazi kwa mtu yeyote, awe raia au mgeni, awe msomi au la. Kadi ya msomaji hutolewa bila malipo, na hakuna atakayekuuliza shahada yako. Hata bila kadi unaweza kuingia katika jengo. Kadi inatakiwa pale tu unapotaka kushika nyaraka asilia. Huenda rafiki zako wamechanganya mahali hapa na maktaba za vyuo vikuu, ambazo zina haki ya kuchagua wasomaji wa nje. Maktaba ya Bodleian ya Oxford, kwa mfano, ambako zimehifadhiwa karatasi binafsi za maofisa wengi wa kikoloni, wakiwamo waliotumikia Tanganyika, humtaka msomaji wa nje aeleze anachohitaji, kisha akubali tamko la kutotoa kitabu, kutokiharibu, na kutoleta wala kuwasha moto ndani. Ukipanga kufika huko, barua ya mkuu wako wa shule au ya wafadhili itakufaa sana. Kew haidai barua hiyo.

Sasa anwani. Kew hutaka ujiandikishe kwanza kwenye tovuti yao, kisha ukifika uonyeshe hati asilia, moja ya jina na nyingine ya makazi. Kwa jina, pasipoti yako inatosha. Kwa makazi, ugumu unatokana na kwamba utaratibu huu ulibuniwa katika nchi ambayo kila nyumba ina namba na kila mpangaji hupokea ankara, ilhali umeme wa LUKU hulipwa kabla ya kutumika, kwa hiyo hakuna ankara ya mwisho wa mwezi inayoweza kuonyeshwa kwa yeyote. Usikate tamaa kwa hilo. Nenda benki yako sasa, si wiki ya safari, uombe taarifa zako za makazi ziandikwe upya zikitaja mtaa, kata na namba ya nyumba badala ya sanduku la posta, halafu uombe taarifa ya akaunti iliyochapishwa na kugongwa muhuri. Ikiwa nyumba unayokaa ilipata kibao cha namba katika operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, tumia namba hiyo hiyo katika kila hati, bila kubadilisha hata herufi ya jina la mtaa. Kisha chukua barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa, uipeleke kwa mfasiri anayetambulika ili iwe na tafsiri ya Kiingereza yenye muhuri wake, na uongeze barua ya mwajiri inayotaja mahali unapoishi.

Lakini usipande ndege ukiwa na hati hizo na matumaini peke yake. Zipige picha, uzitume Kew kwa barua pepe, ueleze kwa sentensi chache kwamba katika mji wako umeme ni wa kulipia kabla na barua hupitia sanduku la posta, na uulize ni ipi kati ya hati hizo wataikubali. Jibu watakalokupa lichapishe, ulibebe pamoja na pasipoti. Mhudumu wa mapokezi ambaye hajawahi kuona barua ya serikali ya mtaa atakuwa na neno la mwenzake la kutegemea. Kuna jambo moja ambalo watu hushauriana kimyakimya, nami nakuomba ulikatae: kutumia anwani ya ndugu au rafiki anayeishi London ukidai ndiyo makazi yako. Huo ni uongo kwenye rekodi, na unaweza kukugharimu kadi na pengine zaidi ya kadi.

Ni rahisi kuona ulinzi huu kama dharau, na nadhani ukiuelewa utendaji wake utaingia na moyo mtulivu zaidi. Mwaka 2005, katika maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, mfanyakazi aliona wembe umeanguka sakafuni karibu na mfanyabiashara wa ramani, Edward Forbes Smiley, aliyekuwa akijulikana na kuheshimiwa katika maktaba nyingi. Baadaye alikiri kuiba ramani 97 kutoka maktaba kadhaa na akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Hakuwa mgeni wala maskini, wala hakukosa barua za utambulisho. Tangu visa vya namna hiyo, maktaba makini zimeacha kumpima mtu kwa sura au cheo, zikaamua kumkagua kila mmoja kwa kipimo kimoja, na hilo ni ulinzi kwako pia, kwa sababu pale ambapo kila mtu hukaguliwa hakuna anayeweza kuteuliwa kwa ajili ya rangi yake au vazi lake.

Wengi hudhani kwamba mlinzi anaangalia kinachotoka tu. Kew wanajua kwamba kinachoingia kinaweza kudhuru zaidi. Katika miaka ya 2000 iligunduliwa kwamba nyaraka 29 za kughushi zilikuwa zimepenyezwa ndani ya majalada 12 yanayohusu Vita Kuu ya Pili, na tayari zilikuwa zimenukuliwa katika vitabu. Karatasi iliyoibwa huacha pengo linaloweza kuonekana, bali karatasi ya uongo iliyopachikwa mahali pake huwadanganya watafiti kwa miaka bila kelele. Ndiyo maana karatasi zako za kuandikia zitafunuliwa moja moja unapoingia na unapotoka, kompyuta yako mpakato itafunguliwa, na vitu vyako vitakuwa kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Mkoba, koti na mwavuli hubaki kwenye kabati lenye kufuli. Ndani utapewa kiti chenye namba, majalada yataagizwa kwa namba ya kadi yako, na utafungua jalada moja kwa wakati mmoja. Sharti hili la mwisho lina sababu yake: karatasi iliyorudishwa kimakosa kwenye jalada jingine imepotea sawasawa na iliyoibwa, kwa kuwa hakuna atakayejua aitafute wapi, na mpangilio wa karatasi wenyewe ni ushahidi wa nani alisoma nini kabla ya kuamua.

Kuhusu vazi lako, kinachokatazwa ni makoti ya nje na mifuko, wala si vazi la dini. Baibui na hijabu huvaliwa katika vyumba vya kusomea vya London kila siku. Picha ya kadi huhitaji uso tu uonekane. Ikitokea mlinzi akataka kuhakikisha kwamba hakuna kitu kwenye mikunjo ya mtandio, omba kwa utulivu ukaguliwe na mwanamke, na mahali pa faragha. Hilo ni ombi la kawaida na hutakuwa umevunja utaratibu wowote. Ushauri wangu wa kivitendo ni mwingine kabisa: chagua mikono ya kubana kidogo, maana mkono mpana hupangusa kurasa nyembamba na huweza kuzichana bila wewe kuhisi, na uvae sweta ndani, kwa sababu vyumba hivyo huwa na ubaridi kwa ajili ya karatasi, na koti lako litakuwa limebaki kabatini.

Penseli ni sharti la kweli, kwa kuwa doa la wino halitoki ilhali alama ya penseli inaweza kufutwa na wahifadhi wenyewe. Kifutio na kichongeo pia hubaki nje. Glavu nyeupe unazoziona kwenye filamu usizinunue; kwa karatasi za kawaida wahifadhi wengi hupendelea mikono mikavu iliyonawiwa, kwa sababu vidole vilivyofunikwa kitambaa havihisi ukingo wa ukurasa na huuchana kwa urahisi. Glavu hutumika hasa kwa picha, na ukizihitaji watakupa wao. Usipake losheni wala mafuta ya mkono asubuhi ya kusoma.

Nalo lile la kamera limegeuzwa kichwa chini. Kamera za ulinzi zipo, ndiyo, lakini wewe pia unaruhusiwa kupiga picha za nyaraka kwa simu au kamera yako bila malipo, mradi usitumie mwako wa taa. Hii ndiyo neema kubwa kwa mtu mwenye wiki mbili. Anza kila jalada kwa kupiga picha ya jalada lenyewe pamoja na namba yake, ufuate mpangilio wa karatasi bila kuruka, na kila jioni unakili picha zote mahali pa pili. Nimeona watafiti waliorudi nyumbani na maelfu ya picha nzuri wasizoweza kuzitaja chanzo, na picha isiyo na namba ya jalada haiwezi kuingia katika kitabu. Ukifika wakati wa kuchapisha, kumbuka kwamba barua ya ofisa wa serikali na barua ya kampuni ya mkonge iliyomo ndani ya jalada hilo hilo zinaweza kuwa na haki miliki za aina tofauti. Uliza kabla ya kuchapisha picha yenyewe.

Naomba nisimame kidogo kwenye jambo ambalo hukuliandika, lakini naamini liko nyuma ya swali lako. Inauma kukaguliwa mifuko ili usome habari za babu zako mwenyewe. Hati kuhusu makuli wa Tanga ziko maelfu ya kilomita kutoka Tanga kwa sababu ya historia isiyokuwa ya haki, na baadhi zilifichwa kwa makusudi. Mwaka 1961, Waziri wa Makoloni Iain Macleod aliagiza kwamba serikali mpya za nchi zinazopata uhuru zisiachiwe nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Uingereza. Nyingine ziliteketezwa, nyingine zilisafirishwa kimyakimya, na ni kesi ya wazee wa Mau Mau wa Kenya iliyolazimisha kuwapo kwa nyaraka hizo kukubaliwa hadharani mwaka 2011. Tangu mwaka 2012 zimekuwa zikifunguliwa Kew chini ya kundi liitwalo FCO 141, na Tanganyika imo. Kwa hiyo hisia yako ya kwamba mlango huu una deni kwako ni ya haki. Ninachokuomba ni usiipeleke kwa mlinzi wa zamu ya asubuhi, ambaye hakuandika sera hiyo. Ipeleke kwenye kazi yako, kwa kusoma kila ukurasa uliosafirishwa mbali nasi na kuurudisha kwa watu wa Tanga kwa lugha wanayoisoma.

Sasa niseme ukweli kuhusu safari yenyewe. Je, umekwisha kusoma majalada ya Dar es Salaam? Nyaraka za Taifa zilizoko Upanga zina majalada ya Sekretarieti ya Tanganyika, yaani mawasiliano ya maofisa wenyewe kwa wenyewe ndani ya nchi, pamoja na rekodi za utawala wa Wajerumani zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Kwa historia ya mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, rekodi hizo haziwezi kurukwa. Kundi la CO 691 la Kew, linalobeba barua za Wizara ya Makoloni kuhusu Tanganyika kuanzia mwaka 1916 hadi 1951, lina kile kilichofika London, na kilichofika London kilikuwa kimechujwa na gavana. Mgomo wa bandari ulioandikwa na ofisa wa wilaya kwa kurasa nyingi unaweza kuonekana London kama aya mbili. Ukienda Kew kwanza utatumia siku za thamani kusoma muhtasari, kisha urudi Upanga ugundue maswali uliyopaswa kuyauliza Kew. Fedha zako ziko sawa na maji ya mtungi wakati wa kiangazi: amua kwanza ni mche upi unaostahili. Maoni yangu ni kwamba uende Dar es Salaam kwanza hata kwa juma moja, ukiwa na barua ya shule na maelezo ya mada yako, kisha ndipo upange London.

Zipo pia njia za kutosafiri kabisa. Kew huuza nakala: unalipia kwanza kazi ya kuhesabu kurasa, kisha unalipia nakala zenyewe. Kwa majalada mawili au matatu ambayo namba zake unazijua, njia hii ni nafuu kuliko tiketi ya ndege, na kwa majalada thelathini inakuwa ghali kuliko safari. Wapo vilevile watafiti wa kujitegemea wanaolipwa kwa saa. Wanafaa sana kwa kupiga picha za jalada linalojulikana, lakini hawawezi kutambua jina la mzee wa Ngamiani au Chumbageni likijitokeza pembezoni mwa barua, na jina kama hilo ndilo lingekusimamisha wewe. Kwa sababu hiyo bado nasema nenda, endapo Upanga itakupa orodha ya majalada ya kutosha.

Ukienda, saa ndizo adimu kuliko fedha. Kew hufungwa Jumapili na Jumatatu, kwa hiyo wiki mbili ni siku kumi tu za kusoma, na siku ya kwanza itaondoka na kadi. Agiza majalada ya siku za mwanzo ukiwa bado nyumbani kupitia katalogi yao, na uangalie kila moja limehifadhiwa wapi, maana baadhi ya nyaraka hutunzwa katika mgodi wa chumvi huko Cheshire na huchukua siku kadhaa kufika. Usitegemee mfumo mmoja wa kompyuta pia: Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza, ambayo ni taasisi nyingine kabisa jijini humo, ilishambuliwa na wadukuzi, na katalogi yake ya mtandaoni ikatoweka kwa miezi. Andika namba za majalada yako kwenye karatasi. Wakati wa swala au chakula si lazima urejeshe jalada. Mwambie mhudumu unatoka na utarudi, naye atakueleza uliache vipi. Maji na vyakula haviingii chumbani, basi kama una kisukari au ugonjwa wowote unaohitaji dawa ya saa kwa saa, wajulishe mapema kwa maandishi.

Kuna mambo ambayo hayafai kutatuliwa kwa barua kama hii. Ukiona kwenye katalogi kwamba jalada unalolihitaji limefungwa, ombi la kulifungua kwa sheria ya haki ya kupata taarifa linapaswa kuwasilishwa miezi kabla ya safari. Ukikuta kurasa zilizogandana au karatasi isiyo mahali pake, usiitenganishe wala kuirekebisha. Inua mkono, umwite mhudumu aliyepo chumbani. Ukikwama na maandishi ya mkono au namba za majalada, nenda kwenye dawati la maulizo umweleze mtunza nyaraka mada yako ana kwa ana. Watu hawa wanayajua makundi ya majalada kuliko katalogi yoyote, na dakika kumi nao zinaweza kuokoa siku nzima. Ikiwa mlangoni utaambiwa hati yako ya makazi haitoshi, usiondoke. Onyesha barua pepe waliyokuandikia na uombe kuzungumza na msimamizi wa zamu. Na kuhusu viza, usisikilize mimi wala rafiki zako: muulize wakala mwenye leseni au idara husika kama aina ya viza unayoomba inaruhusu utafiti wa nyaraka, na ueleze jambo hilo waziwazi katika fomu, ukiambatanisha barua ya wafadhili na yale majibu ya Kew.